Kiti Changu Bungeni

Wanaume wanaosimama mbele ya meza yangu kila asubuhi wanajiita wabunge. Hakuna aliyewapigia kura isipokuwa wao wenyewe. Hapa Lubumbashi kila kona yenye magazeti ina bunge lake: watu wanafika mapema, wanasoma vichwa vya habari bila kununua gazeti, halafu wanabishana juu ya serikali mpaka jua liwafukuze. Tunaliita parlement debout, bunge la kusimama, kwa sababu hakuna anayewapa viti. La kwangu liko kwenye kona ambayo siitaji, wasije wauza magazeti wengine wakaniibia wabunge. Magazeti ni yangu, mwavuli wa njano ni wangu, na kivuli cha mwavuli ni changu. Kwa hiyo ukumbi wa bunge ni mali yangu, lakini neno ndani yake sikuwa nalo.

Mimi ni Claudine, mjane, mzaliwa wa Kipushi. Nauza magazeti, vocha za simu na karanga za kuchemsha. Karanga ndizo zinazonilisha. Magazeti yanavuta wabunge, wabunge wanabishana, na mtu anayebishana anasikia njaa. Nilikuwa nakaa kwenye kiti cha chuma alichonichomelea marehemu mume wangu kwenye karakana ya reli, kizito kama mgeni asiyetaka kuaga. Magoti yangu ni mabovu, na mama anayeuza akiwa amesimama askari wa komini, manispaa yetu, wanamhesabu mchuuzi na kumfukuza. Kiti kile kilikuwa leseni yangu.

Mbele ya meza unapita mtaro wa maji ya mvua. Ulikuwa umefunikwa na dalle, bamba la zege, mpaka lori moja la saruji lilipogeuza pale na kulipasua. Msimu wa mvua uliofuata takataka ziliingia kwenye shimo, mtaro ukaziba, maji yakapanda barabarani na kuondoka na meza yangu, magazeti, sufuria ya karanga na mwavuli wa kwanza. Kiti peke yake kilibaki, kwa sababu ya uzito wake. Nilianza upya kwa shida. Nikajua kwamba mvua nyingine ikinikuta na shimo lile, sitakuwa na nguvu ya kuanza tena. Nitarudi Kipushi kwa kaka yangu, nilale sebuleni kwake, na mkewe aninung'unikie sabuni kila ninapofua. Nilikuwa naogopa. Nilihitaji dalle kabla ya mvua, basi, sikuhitaji kitu kingine duniani.

Ungefikiri mtu anayeuza karanga katikati ya bunge hawezi kukosa wa kumsemea. Subiri.

Rais wa bunge letu ni Papa Paulin. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye alizaliwa hapa hapa, akauza vipuri vya magari mpaka alipowaachia mabinti zake duka na kubaki na suti. Anavaa suti kila siku, hata kwenye vumbi la mwezi wa nane. Anapenda maneno marefu na anayatamka polepole ili yasimponyoke. Karani wa bunge ni Hénoc, msaidizi wa profesa wa sheria kule chuo kikuu cha Kasapa, kijana wa miaka arobaini ambaye bado anaitwa kijana kwa sababu hajamaliza shahada yake ya udaktari. Hénoc ndiye aliyetuletea règlement, kanuni za bunge. Kabla yake walikuwa wanapiga kelele ovyo. Baada yake walipiga kelele kwa kufuata vifungu.

Kosa lilitendeka mwezi wa saba. Wabunge walikuwa wanatengeneza barabara za nchi nzima kwa mdomo, kutoka Matadi mpaka Kasumbalesa. Walifika mbali sana. Nikatoa sauti kutoka kwenye kiti changu.

"Na iyi caniveau, iyi mutaro iko ku miguu yenu, nani atafunika?"

Wakageuka kunitazama kana kwamba sufuria ya karanga imesema. Papa Paulin alivuta koti lake.

"Mama Claudine, tuko na respect yako yote. Lakini apa ni parlement debout. Weye uko assise. Muntu mwenye anaikala hana na parole."

Wakalipigia kura. Mikono yote juu. Hénoc akakipa namba: article quatre, kifungu cha nne, anayekaa hana neno. Nilipandwa na hasira, nikasimama wima.

"Sasa mimi niko debout. Munisikilize."

Papa Paulin akatazama nyuma yangu. "Umesimama, ndiyo. Lakini kiti iko inakungoya."

Hapo macho ya Hénoc yakawaka. Mtu wa sheria akiona mwanya, hawezi kulala mpaka auzibe. Alisema kifungu kinahitaji alinéa ya pili, ibara ndogo, akaitunga papo hapo: yeyote aliye na kiti ndani ya bunge anahesabiwa ameketi, hata akisimama. Kura tena, mikono yote juu tena, mmoja ukiwa umeshika karanga zangu.

"Mumetunga sheria ya muntu mumoya," nikawaambia.

"Hapana, mama," Hénoc akajibu kwa upole wa mwalimu. "Sheria haitajake jina. Ni ya bantu yote."

Kumbuka maneno hayo. Mimi niliyakumbuka, ingawa siku ile sikujua yatanisaidia nini. Nilirudi kukaa, na tangu siku hiyo nikawa napima karanga za wabunge kwa mkono mdogo. Papa Paulin alilalamika kwamba pakiti imekuwa fupi. Nikamjibu kwamba sina neno.

Mwezi wa tisa akaja Honorable Anaclet Mwenze, mbunge wetu wa kweli, aliyechaguliwa kwa karatasi, anayekaa kwenye bunge la mkoa. Wabunge wa kweli wana likizo, na wakati wa likizo wanatakiwa kushuka kwa wapiga kura na kuwaeleza kazi waliyoifanya. Honorable alikuwa anashuka vizuri sana. Alifika na jeep, akapewa kiti, akasema saa nzima, akagawa fulana zenye uso wake na kreti ya sucré, soda yetu, akapigiwa makofi, akapanda tena. Hakuna aliyewahi kumuuliza kitu, kwa sababu baada ya hotuba ile kila mtu alikuwa na chupa mdomoni.

Siku hiyo aliteremka kwenye jeep na viatu vinavyong'aa, akaruka shimo langu kwa hatua moja safi, hata hakulitazama. Papa Paulin alikuwa ameshafunga vifungo vya koti.

"Mama Claudine," akasema bila kugeuka, "kiti."

Hakusema tafadhali. Nilisikia damu ikipanda mpaka masikioni, nikashika mikono ya kiti nikitaka kujinyanyua na kumwambia neno baya. Na nilipokuwa nusu nimekaa, nusu nimesimama, nikaona kitu ambacho wabunge wote wa kona ile hawakukiona. Hasira ikaniisha. Nikasimama taratibu, nikakibeba kile kiti mwenyewe na magoti yangu haya, nikakifuta kwa kitenge, nikakiweka chini ya mwavuli.

"Ikala, Papa Honorable. Kuanzia lelo iyi kiti ni yako. Mimi nakupatia mbele ya bantu yote."

"Yangu kabisa?" Honorable akacheka kwa furaha. "Aksanti sana, mama. Naipokea."

"Bunge imemupatia Honorable kiti," akatangaza Papa Paulin, asikubali mimi nitoe zawadi peke yangu. "Makofi."

Wakapiga makofi. Hénoc naye akapiga. Honorable akakaa, akakunja mguu, akakohoa.

"Distingués parlementaires debout," akaanza.

"Motion," nikasema, nikiomba neno.

Papa Paulin akafumba macho kama mtu anayeumwa jino. "Mama Claudine, si tulishasema? Hauna na parole."

"Juu ya nini?"

"Juu uko..." Akanitazama. Nilikuwa nimesimama. Akatazama nyuma yangu, na nyuma yangu palikuwa na ukuta tu. "Juu uko..." akarudia, kwa sauti ndogo zaidi. Halafu akamgeukia karani. "Hénoc?"

Hénoc alikuwa ameshafika mahali nilipofika mimi. Nitamsifu kwa jambo moja: kifungu chake alikipenda kuliko raha yake.

"Kufwatana na article quatre," akasema, "mama hana tena na kiti. Mama iko na parole."

"Na Honorable?"

"Honorable iko assise."

Honorable, ambaye hakujua lolote, akacheka tena na kusimama. "Haina maneno, bandugu. Mimi nasimama, tunaendelea."

Hénoc akaweka mkono kwenye paji la uso. "Alinéa deux, Honorable. Kiti iko inakungoya."

Ilibidi wamweleze. Walimweleza wote kwa pamoja, wakimwita Honorable kila neno la pili, na kadiri walivyoeleza ndivyo tabasamu lake lilivyopungua. Ni mtu mwerevu. Alitafuta mlango haraka. Alisema basi anampa mtu mwingine kiti, na akamsogezea Papa Paulin. Papa Paulin akaruka nyuma. Rais wa bunge bila neno angefanya nini siku nzima? Akamsogezea Hénoc. Hénoc alisema ana pointi tatu za kutoa asubuhi ile. Akawasogezea wengine, mmoja mmoja, na kila alikokielekeza watu walifunguka kumpisha, kama anatembea na sufuria ya maji ya moto. Mwisho akamwita dereva wake.

"Mimi niko ku kazi, patron," dereva akajibu kutoka ndani ya jeep, akapandisha kioo.

"Na weye, mama?" Honorable akaniuliza. "Si ilikuwa yako?"

"Nilikupatia, Papa. Muntu hakamatake tena kile alishapana."

Basi akakaa. Nami nikasema.

Nilidhani nitasema kwa ukali, maana maneno nilikuwa nayo tangu mwezi wa saba. Lakini nilipoanza sauti ikatetemeka, nikaona aibu, nikaendelea hivyo hivyo. Niliwaambia jinsi nilivyosimama ukutani nikitazama meza yangu inaelea kwenda. Niliwaambia habari za Kipushi na za sabuni.

"Munakuyaka apa kila siku," nikasema, "munatengeneza inchi yote. Mvua ikikuya, minyi mutaenda kusimama ku kona ingine. Mimi nitaenda wapi? Niko naogopa. Honorable, ile shimo umeruka asubuyi, mimi nalala nayo ndani ya kichwa."

Honorable alifungua mdomo.

"Assise," watu wakamkumbusha, na akaufunga.

Likatokea jambo ambalo sikulipanga. Kwa kuwa hapakuwa na wa kujibu, hapakuwa na wa kukata watu maneno. Mzee mmoja alisema bomba la mtaa wao halitoi maji. Mwingine akasema taa za barabarani zilikufa na binti yake anarudi kazini gizani. Papa Paulin mwenyewe, suti na yote, alikiri kwamba choo chake kinafurika kwa sababu ya mtaro huu huu, na kwamba hakuwahi kulisema bungeni kwa sababu halikuwa na hadhi ya kitaifa. Asubuhi nzima hakuna aliyetaja Kinshasa. Honorable alisikiliza. Mwanzoni alitazama saa, halafu simu, halafu, kwa kukosa la kufanya, akatutazama sisi. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza kututazama akiwa hasemi.

Mwishowe alinyoosha kidole juu kama mwanafunzi. Hénoc akamruhusu kwa kichwa kuonyesha anachotaka, na Honorable akaonyesha kwa mikono: kiti, niondoe, wapi?

"Iwekwe inje ya bunge, pahali haina muntu hata mumoya," Hénoc akapendekeza.

"Ku shimo," nikasema. "Kule muntu hatakaa."

Honorable alikibeba mwenyewe. Nilishasema uzito wake. Alifika mtaroni akiwa amelowa jasho, akakisimamisha juu ya ule mwanya, miguu miwili huku na miwili kule. Akajipangusa, akaomba neno, akapewa.

"Mama," akasema, "sitakudanganya. Caniveau haiko kazi yangu. Mimi natunga sheria na kufanya contrôle ya serikali ya mukoa. Kujenga ni kazi ya ministre."

Siku nyingine makofi yangepigwa hapo, maana jibu lilikuwa zuri na lilikuwa kweli.

"Na ule ministre," nikauliza, "nani anamuulizaka?"

"Siye ba députés. Bunge inafungula mwisho ya mwezi, tunaweza kumuuliza."

"Basi umuulize. Kiti yako itakungoya pale pale."

Akaondoka. Fulana zilibaki kwenye jeep, nadhani alizisahau.

Sasa kiti cha chuma juu ya shimo, katikati ya njia, hakipitwi bila kuulizwa. Wafanyabiashara waliotoka Kipushi na mizigo yao, wanafunzi, watu wa teksi waliokuwa wanaelekea uwanja wa ndege wa Luano, kila mtu alisimama.

"Kiti ya nani iyi?"

"Ya Honorable Mwenze," wabunge wangu walijibu kwa adabu. "Eko anakuya kuikamata."

Watu walikipiga picha. Picha zikazunguka kwenye simu, na za watu wanaojifanya wanakaa juu yake na kupunga mkono zikazunguka zaidi. Wabunge hawakuwa na haja tena ya kubishana juu ya mambo ya mbali. Kazi yao ilikuwa kusimama na kumjibu kila mpita njia, na waliifanya kwa raha kubwa. Karanga ziliisha kabla ya saa sita.

Mimi nilikuwa nimesimama. Watu wanasahau sehemu hiyo wanaposimulia. Magoti yalivimba mpaka nikayafunga kwa vitambaa. Askari wa komini alipita akanikuta wima nyuma ya meza, akataka kunifukuza kama mchuuzi. Papa Paulin akamwambia kwamba anazungumza na mwakilishi mwenye neno. Askari hakuelewa, lakini suti aliielewa, akaenda zake. Jioni nilikuwa napanda kitandani kwa mikono. Mara mbili nilitaka kukichukua kiti changu na kuachana na yote.

Mwezi wa kumi mawingu yalianza kujikusanya upande wa Zambia. Honorable akarudi, kwa miguu safari hii, jeep ameiacha mbali. Alisimama mbele ya bunge na kusoma jibu la waziri, ukurasa mzima wa maneno mazuri, na mwishoni waziri alikuwa ameandika kwamba amelizingatia swali.

"Kuzingatia ni kufunika?" nikamuuliza.

Honorable akakitazama kile kiti kwa muda. "Hapana, mama."

"Basi urudie. Umuulize siku gani."

Sikujua kama ana haki ya kumuuliza waziri mara ya pili. Hénoc alisema anayo, tena kuna majina ya Kifaransa ya kila hatua mpaka ile ya kumng'oa, ila watu hawaendi mbali hivyo kwa sababu hotuba ya kwanza ndiyo yenye kamera. Honorable akarudi. Kumbe alirudi kweli. Kitu gani kilimsukuma, uchaguzi au zile picha, mimi sijali.

Mafundi walifika asubuhi moja yenye upepo wa mvua, na dalle mpya juu ya mkokoteni. Hawakuweza kuiweka mpaka kiti kiondoke, na wabunge walikataa katakata mtu mwingine kukigusa. Honorable alipigiwa simu. Alikuja na mpiga picha, akakinyanyua kiti chake huku umati unamshangilia, dalle ikashuka mahali pake, mtaro ukafunikwa. Ndipo akageuka, kiti mikononi, akitafuta pa kukiweka. Watu wote wakarudi nyuma hatua moja.

Papa Paulin alikuja karibu yangu, akashusha sauti. Hakuwa na maneno marefu siku hiyo.

"Mama Claudine, tulikukosea. Tutaifuta ile article quatre lelo. Ukamate kiti yako, magoti inakuuma, minaona."

Nilitaka kulia, nikatazama pembeni. "Acheni ile article, Papa Paulin," nikasema. "Iko inasaidia."

Honorable alipata ruhusa ya kukiweka kiti chini ya mwavuli, na pale kiko mpaka leo, kimepakwa rangi. Ni cha wageni. Kila mheshimiwa anayefika kwetu tunampokea kwa heshima, namfutia kiti kwa kitenge, namwambia ni chake. Anakaa, anashukuru. Halafu tunaanza.

Mvua ilinyesha wiki iliyofuata, kubwa, ya kupiga mabati. Maji yalipita chini ya njia yakinguruma, na meza yangu haikutikisika. Kulipokucha nilitandika kitenge juu ya dalle, nikakaa, nikanyoosha miguu mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa. Wabunge wakafika. Papa Paulin aliponiona alikunja uso, tabia haiishi kwa siku moja.

"Mama Claudine, uko assise."

"Niko ku dalle."

Wote wakamgeukia Hénoc. Aliitazama ile zege kwa makini, akazunguka upande wa pili, akatafuna karanga mbili tatu. Pakiti zilikuwa zimerudi urefu wake.

"Dalle haiko kiti," akasema. "Mama iko na parole."

Nikaanza na taa za barabarani.